Karatasi ya Muhogo na Majani ya Mkunazi

Zuhura alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini bandarini, nimesimama mbele ya kontena la tende nikisubiri lifunguliwe nichukue sampuli. Hakunisalimia. "Mama ametutoka, dada," alisema. "Tunazika alasiri. Naomba ulete majani ya mkunazi, mabichi." Nilimpa pole, nikamwambia nakuja, halafu kwa upumbavu wa mtu aliyeshtuliwa na habari nikamkumbusha kwamba pale pale Kariakoo maduka yanayouza sanda yanauza na majani ya mkunazi, yameshasagwa na kufungwa kwenye pakiti. Nyuma yake niliwasikia wanawake wanalia, na mtu anauliza ndoo ziko wapi. "Najua yapo," akasema. "Ila mama ameusia uyachume wewe. Alisema mlikubaliana." Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni, na kijana wa forodha aliyekuja kulifungua kontena akaniuliza kama tende zangu zimekufa.

Kwa msomaji asiyejua, niseme mapema: Waislamu wa Pwani humwosha marehemu kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, ambayo yakisuguliwa hutoa povu kama sabuni, kisha hufuatia maji ya kafuri. Jambo hilo kila mtu Kariakoo analijua, hata watoto. Mimi sikulijua. Nilikotoka, Masasi, tena upande wa misheni, makunazi yalikuwa matunda ya kuchuma njiani ukitoka shule, na maiti zetu tuliziosha kwa sabuni ya kawaida. Kwa kutojua huko nilitumia sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu nikiwabembeleza watu wa Kariakoo wale vitumbua vilivyofungwa kwa majani ya kuoshea maiti. Leo nikisimulia watu hucheka mpaka wanajishika mbavu, na mimi hucheka nao. Mwaka wenyewe haukuwa na kicheko. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa mwaka ule, na naomba nisirudie tena.

Niliomba ruhusa, nikatoka kwa miguu, maana barabara za mjini saa zile hazipitiki. Nilivuka Mnazi Mmoja katikati ya watu wanaokatiza kwenda sokoni, na nilipokuwa nakaribia Kariakoo nilimwona mama mmoja anafungia chapati kwenye karatasi ya daftari. Nikakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku mwaka mmoja nyuma, na wauza vyakula walikuwa wamerudi kwenye magazeti na madaftari ya zamani. Ukinunua andazi, unasoma mgongoni mwake hesabu za kugawanya za mtoto wa mtu, na wino umeshahamia kwenye andazi. Mwalimu wangu wa chuo, Mhaya mmoja mpole aliyependa kusikiliza huku amefumba macho, alinikabidhi kazi ya kutengeneza karatasi laini ya kufungia chakula kwa wanga wa muhogo. Ilitakiwa ioze ikitupwa, na humo ndani iwe na kitu cha asili cha kuzuia ukungu, ili chakula kikae zaidi bila kuharibika. Maabara niliipita vizuri. Ndipo akafumbua macho akasema: "Sasa Tekla, niletee mama mmoja wa Kariakoo afungie chakula chake kwa hii karatasi mwezi mzima, na wateja warudi. Ukimpata, tunaendelea. Usipompata, tunafunga." Kufunga maana yake ilikuwa nirudi Masasi nikafundishe kemia sekondari, katika mji nilioaga kwa mbwembwe nyingi kuliko ilivyotakiwa.

Nikapanga chumba cha mwisho kwa Bi Mwajabu. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kiswahili, korido katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma, imebanwa na maghorofa kiasi kwamba jua liliingia uwani adhuhuri tu, likachungulia na kuondoka. Kuta za vyumba hazikufika juu. Bati lilikuwa moja na maneno ya chumba kimoja yalikuwa ya vyumba vyote. Bi Mwajabu alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alizaliwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Zuhura, mwanawe, alikaanga vitumbua uwani alfajiri na kuvibeba hadi karibu na soko. Nilipomwona nikasema moyoni, yule mama wa mwezi mzima ndiye huyu. Niliwaomba nitumie kona ya uwani kwa kazi yangu, wakakubali. Chumbani nilikuwa na kitanda, ndoo, jiko dogo la gesi, na trei nyingi za bati za kumiminia uji wa muhogo. Trei zilikaa hadi chini ya kitanda. Kulipokuwa na mvua, utando wa muhogo haukukauka, nikalala nazo pembeni ya mto.

Upweke wa Kariakoo ni wa aina yake. Kutwa nzima unagongwa mabega, unasukumwa na mikokoteni, unaambiwa "Dada, mambo? Karibu, angalia bure!" na ukijibu poa, mazungumzo yameisha, maana aliyekusalimia ameshamgeukia mwingine. Jioni nilirudi nikakuta korido imejaa harufu ya nazi na samaki, nikapita nikisema "Shikamoo, Bi," nikaitikiwa "Marahaba, mwanangu," nikaingia chumbani na kufunga mlango. Mwanzoni walikuwa wananiita. "Tekla, njoo tule, sinia hili hapa," Bi Mwajabu alisema, na mara chache nilikwenda, nikakaa mkekani kati yake na Zuhura, nikala wali na mchuzi wa papa huku wakinicheka ninavyofinyanga matonge ya wali kama ya ugali. Zile jioni chache ndizo zilinifanya niamini kwamba nitakaa mjini hapa kama watu. Ningejua zitakoma, ningekula taratibu.

Shida ilikuwa kile kitu cha asili. Nilianza na mafuta ya karafuu, ukungu ulikoma kabisa, lakini Zuhura alionja kitumbua akashika shavu: "Dada, hii si dawa ya jino?" Nikajaribu mdalasini, karatasi ikawa inakatika ukiikunja. Nikarudi kwenye vitabu vyangu, nikasoma kwamba majani ya mkunazi yana nguvu dhidi ya ukungu na hayana harufu kali. Nilifurahi kama mtoto, maana mkunazi niliujua. Nilizunguka mpaka nikaupata mmoja bondeni Msimbazi, nyuma ya ghala la mbao lililolindwa na mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Nilipomwambia nataka majani alisimama, akavua kofia yake, akaishika kifuani, akanionyesha njia. Nilitaka kumnunulia soda, akakataa karibu kwa kukasirika. Nikasema, jamani, watu wa Pwani wana adabu. Nilirudi baada ya wiki mbili na gunia dogo, akavua kofia tena. Nikarudi tena. Kila niliporudi alinitazama kwa huruma zaidi, na sasa ndipo ninapoelewa kwamba mzee wa watu aliamini ukoo wangu unateketea.

Siku ya kwanza nilipochemsha yale majani uwani, wanawake walikuwa wanachambua mchele na kumsema jirani fulani aliyeolewa mara ya tatu. Maji yalipotokota na povu kupanda, wakanyamaza. Mmoja akainuka na ungo wake akaingia ndani, akafuata mwingine. Bi Mwajabu alinisogelea. "Mwanangu, kwenu salama?" "Salama, Bi." "Hamna taarifa yoyote iliyokuja?" "Hamna, Bi, wote wazima." Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akasema "Alhamdulillahi," akaondoka polepole. Nikaona ana upendo sana kuniulizia nyumbani. Yale majani yalinitii kuliko chochote nilichowahi kujaribu. Karatasi ilitoka nyeupe, laini, haikatiki, na vitumbua vilivyokaa ndani yake vilibaki vizuri wakati vya kwenye gazeti vimeshaota ndevu. Nilikata vipande virefu nikavianika kwenye kamba ya uwani vikapepea pale, vyeupe, upana wa kanga. Nilisimama chini yake nikacheka peke yangu kwa sauti.

Tangu wiki ile sikuitwa tena kwenye sinia. Chakula hakikukatika, hilo niwashukuru; kililetwa mlangoni, sahani imefunikwa kawa, anayeileta anabisha hodi na kuiweka chini, na nikifungua namwona mgongo. Nilikula nimekaa kitandani, trei miguuni, nikiwasikiliza juu ya ukuta wakicheka. Nilijua nani kafiwa na kuku, nani kamnunia mumewe. Nilikuwa naitikia vichekesho vyao kwa tabasamu humo chumbani, mtu mzima, kijiko mkononi. Na jioni moja nikamsikia Zuhura: "Mama, mimi nasema kweli, yule mtu anatuletea uchuro humu ndani." Bi Mwajabu akamkatiza: "Nyamaza. Ana nani hapa mjini?" Nilikiweka kijiko chini. Niliamini uchuro ni mimi mwenyewe: mtu wa kuja, mtu wa kusini, asiye wa dini yao. Laiti ningetoka na kuuliza. Sikutoka. Nilijikaza kisabuni, nikageukia ukuta, na wali ule nikaumwaga asubuhi nikiona aibu kuimwaga neema ya mtu.

Kilichonichanganya ni kwamba hakuna aliyenikataa mdomoni. Nilimpa Zuhura fungu la karatasi, akapokea kwa mikono miwili: "Ahsante sana, dada, Mungu akuzidishie." Nikipita sokoni, vitumbua vipo kwenye gazeti. Nikimuuliza, ananiambia leo kasahau, leo upepo ulikuwa mkali, leo wateja wamechukua mikononi. Niliporudi chumbani nilipima upya kila kitu. Nilibadilisha wanga, nikapunguza glisirini ya kulainishia, nikaifanya karatasi iwe nyembamba, kisha nene. Nikaifanya nyeupe zaidi, nikidhani weupe ndio usafi.

Mwalimu alipotuma ujumbe kwamba anakuja kuona, nilimwendea Zuhura uwani nikamsihi waziwazi. Nilimwambia asiponisaidia asubuhi moja tu, narudi Masasi. Aliacha kukoroga, akamtazama mama yake aliyekuwa anakuna nazi. Bi Mwajabu akaitika kwa kichwa, shingo upande. Asubuhi hiyo Zuhura alifunga vitumbua vyake vyote kwa karatasi yangu, akavipanga mezani vizuri sana, na sikuona kwamba mikono yake haina raha. Mwalimu akaja, akafumba macho, akanusa, akafurahi. Akasimama mzee mmoja wa kanzu, mteja wa siku zote, akachukua fungu lake, akaligeuza geuza. "Bi Zuhura, hii karatasi ya nini?" Zuhura akatazama chini. Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya pili, maana mwalimu alikuwa pale: "Ni muhogo, mzee! Muhogo na majani ya mkunazi, vya asili tupu!"

Mzee alilirudisha lile fungu mezani kwa uangalifu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala. "Astaghfirullah," akasema, bila hasira, akaondoka bila kudai chake. Mama aliyekuwa nyuma yake akafuata. Habari ilisambaa meza kwa meza, na muda si muda pale mbele yetu palikuwa peupe, Kariakoo, asubuhi, mahali ambapo huwezi hata kupata nafasi ya kuweka mguu. Mwalimu aliniuliza kwa sauti ndogo kama mkunazi una sumu. Nikamwambia hauna. Tulisimama hivyo, yeye wa Bukoba na mimi wa Masasi, hatujui hili wala lile, na Zuhura anavirudisha vitumbua kwenye beseni huku machozi yanamtoka. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Alasiri ile Bi Mwajabu aliniita chumbani kwake. Sikuwahi kuingia mle. Kilikuwa na kitanda cha samadari, saa ya ukutani iliyokufa, harufu ya udi, na chini ya dirisha sanduku la mbao. Akalifungua. Akatoa bafta nyeupe iliyokunjwa, pamba, chupa ya marashi, kafuri kwenye karatasi, na kifuko cha kitambaa. Akakifungua kile kifuko, akanimiminia kiganjani majani makavu yaliyopondwa. Niliyajua kabla hajasema; nilikuwa nimeyanusa miezi yote ile.

"Hii sanda ni yangu," alisema. "Na haya ndiyo nitakayooshewa. Sasa mwanangu, wewe unachemsha maji ya maiti uwani kwangu, unaanika vitu vyeupe kambani, halafu unataka watu wafungie vitumbua."

Nilikumbuka ile kamba, ule weupe, yule mlinzi na kofia yake kifuani. "Kwa nini hamkuniambia, Bi? Miezi yote hii!"

Aliikunja upya ile bafta. "Ningekwambia vipi? Umekaa humu ndani tangu uje, unaingia, unafunga mlango, sijawahi kukusikia unaongea hata na simu. Siku ile ulipoanika vile vitu vyako ukasimama chini unacheka. Ndiyo mara ya kwanza nakuona unacheka. Nikasema, nimuache. Nikawaambia wenzangu wote, muacheni."

Nililia. Nililia kwa sauti, kilio cha miezi yote, na katikati ya kulia kicheko kikanipanda, nikamwelezea habari ya mlinzi wa ghala na gunia langu la kila wiki mbili. Bi Mwajabu alishika mdomo. Kisha akacheka mpaka akaegemea sanduku. "Masikini! Kakuzikia ukoo mzima!" Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akakitikisa kile kifuko chake. "Basi kwa vile wewe ndiye fundi, siku yangu ikifika utanichumia wewe. Haya yangu yameshakuwa vumbi. Nataka mabichi. Tumekubaliana?" Nikasema tumekubaliana, Bi. Jioni ile aliniita kwenye sinia mbele ya wote, akaniweka ubavuni mwake, na akawaambia kwa nini. Kicheko kilichopanda pale kilipita juu ya kuta zote, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa ndani wa kicheko chenyewe.

Mradi haukupona. Nilibadilisha, nikatumia majani ya mpera ambayo mama zetu wote huwachemshia watoto tumbo likiwasumbua, na karatasi ikatoka ya kahawia, mbaya kuitazama, na Zuhura akaifungia vitumbua bila kusita na wateja wakala. Lakini mwezi wa mwalimu ulikuwa umeshapita na fungu lake la fedha limepewa watu wengine. Sikurudi Masasi, hata hivyo. Nilipata kazi hii ya kupima vyakula vinavyoingia bandarini, nikahama Kariakoo, nikaolewa, nikazaa. Mwanzoni nilikwenda kila Idi. Baadaye nikawa napiga simu. Baadaye simu zikawa za kukumbuka njiani, kesho nitampigia, na kesho ikawa kontena. Mtu aliyeniona nikiwa sionekani na yeyote, nilimwacha akazeeka huku naambiwa habari zake na Zuhura. Hilo linaniuma, na lilikuwa linaniuma nilipokuwa nateremka bondeni Msimbazi na mfuko wangu wa kitambaa.

Njiani niliomba mti uwepo. Maghala mengi ya upande ule yamevunjwa, na penye mti siku hizi panajengwa ukuta. La mbao lilikuwepo, limepakwa rangi mpya. Na kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kwenye kiti chenye mgongo sasa, alikuwepo yule yule mzee, ndevu nyeupe, ananikazia macho nikija. Nyuma yake mkunazi ulikuwa umerefuka, matawi ya chini yote yamekatwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama usoni, kisha akautazama mfuko. Akainuka kwa shida, akavua kofia, akaishika kifuani. Mwaka ule mzima hakuwahi kuniuliza. Safari hii aliniuliza, taratibu. "Nani tena, mwanangu?"

Nilifungua mdomo nimwambie ni mama mwenye nyumba, ni mama yake Zuhura, ni Bi Mwajabu wa nyumba fulani.

"Mama," nikasema.

Mzee aliirudisha kofia kichwani, akaburuta kiti chake hadi chini ya mti, akapanda juu yake akiwa ameshika ukuta, akaniinamishia tawi.